ICU wiki ya kwanza: mgonjwa kabla ya mashine

Mdogo wangu, umeuliza ujiandae vipi kabla ya kuanza mazoezi ya kazi ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Mashine ya kupumulia isikutishe, hiyo utafundishwa hapo hapo. Anza na kuhesabu pumzi dakika nzima, saa mkononi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20, na wengi wetu (hata sisi wakongwe) huandika 18 kwa mazoea tu. Kengele ya oksijeni ikilia, mtazame mgonjwa kwanza: kidole baridi au rangi ya kucha huweza kukidanganya kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Midomo ikigeuka bluu, ita msaada papo hapo. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, alama 3 (hana fahamu kabisa) hadi 15 (fahamu kamili), kikae kichwani. Kengele usiyoielewa usiizime. Muulize sista wa zamu, hata akikukunjia uso.