Namba ya Siri ya Mama

Namba ya siri ya mama yangu ilikuwa 1964. Naiandika hapa bila wasiwasi kwa sababu haitumiki tena, na kwa sababu hata ilipokuwa ikitumika haikuwa siri.

Niliichagua mimi. Nilimnunulia kitochi, simu ndogo ya vibonye, sokoni Darajani, Unguja, nikampelekea Pemba, nikamfungulia akaunti ya kupokelea pesa kwa simu, kisha nikatafuta namba ambayo mtu wa umri wake hawezi kuisahau. Mwaka wa Mapinduzi, nani atausahau? Baadaye nikaja kujua kwamba kijana wa nyumba nyingine pale mtaani alifikiri kama mimi, naye kamwekea mamake hiyo hiyo. Ningekuwa mwizi, mtaa ule ningeumaliza kwa asubuhi moja.

Mama hakwenda skuli, alikwenda chuoni, kwenye chuo cha Kurani. Msahafu anausoma kuliko mimi, na tarakimu anazijua, lakini meseji ikiingia lazima atafute wa kumsomea. Kwa hiyo namba ya siri ikatembea. Mwenye duka, ambaye ndiye wakala, aliijua. Mdogo wangu aliijua. Mjukuu aliijua. Mtoto wa jirani, wa miaka kumi na miwili hivi, aliijua kwa sababu yeye ndiye msomaji wa meseji wa kila jioni. Mimi ndiye niliyeizaa. Watu watano, na wala hapo sijamhesabu mwenye simu.

Tena laini yenyewe haikuwa kwa jina lake. Mtakumbuka usajili wa alama za vidole ulioanza 2019, ule uliotukimbiza sote mpaka mwisho wake tarehe 20 Januari 2020. Vidole vya mama vimechambua karafuu tangu utoto wake, vimesuka ukili, vimepiga makumbi. Ukivishika ni laini kama kijiko kilichotumika sana. Mashine ikavikataa. Tukaambiwa turudi kesho. Kesho yake ikavikataa tena. Safari ya tatu mdogo wangu akachoka, akaweka dole gumba lake mwenyewe, ikakubali papo hapo. Tukafurahi, tukaenda kunywa soda.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Masika yalikuwa yanakaribia na bati la upande wa uani lilikuwa linavuja. Nikamtumia mama shilingi 60,000, nikampigia: "Mama, pesa hiyo ya fundi. Nitakutumia namba yake umrushie." Nikakata, nikaingia kazini, nikasahau. Kosa langu la kwanza ni hilo. Siku hiyo mdogo wangu alipita kula mchana, kama kawaida yake, akaondoka. Jioni mama akawa jikoni, simu iko dirishani, mtoto wa jirani anacheza mchezo wa nyoka. Ikaingia meseji: ile pesa tuma kwenye namba hii.

Mnaijua meseji hiyo. Sidhani kama kuna simu nchi hii ambayo haijawahi kuipata. Anayeituma hajui kama una pesa wala kama unadaiwa. Anatupa jarife baharini, anangoja samaki. Na siku moja moja humkuta mtu ambaye kweli anangojea kutumiwa namba.

Mtoto alikuwa amesikia habari za fundi tangu mchana. Namba ya siri anayo. Akasaidia. Akatuma, akarudi kwenye nyoka wake, adhana ya magharibi ikamkuta akakimbia nyumbani, na yakamtoka akilini.

Kesho yake mama anakwenda dukani kutoa, anaambiwa hakuna kitu. Laini ni ya mdogo wangu, namba ya siri mdogo wangu anaijua, na jana alikuwapo. Mama hakumtuhumu. Angemtuhumu ingekuwa nafuu. Alianza tu kuifunga simu kwenye ncha ya kanga, na kila mdogo wangu akiingia, mkono wake unakwenda pale kwenye fundo. Mtu huliona hilo. Baada ya Ijumaa mbili akanipigia: "Dada, mie nyumba ile siingii tena. Mwambie Mama simu yake abaki nayo."

Nikapanda boti mpaka Mkoani, na gari mpaka Wete. Safari nzima nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumpa mdogo wangu, nakiri, maana na mimi nilishamtia hatiani. Nilipofika nikaiomba simu, nikashuka chini kwenye meseji za zamani. Ipo: shilingi 60,000, saa kumi na mbili kasoro, zimekwenda kwa jina la mwanamke nisiyemjua. Na chini yake kidogo, ile meseji ya matapeli.

Nikamwita mtoto wa jirani. Wala hakuogopa. "Nilimtumia fundi," akasema. "Kwani hakupata?"

Na lile jina la kike? Alidhani ni mkewe. Huwezi kumlaumu: fundi wetu sisi sote tunamwita Kigae, na jina alilopewa na wazee wake sikulijua hata mimi niliyemwajiri.

Pesa hazikurudi, zilikuwa zimeshatolewa. Mama hakumwomba mdogo wangu radhi kwa maneno. Wazee wa kwetu hawana mazoea hayo. Alimpelekea bakuli la pweza wa nazi, limefunikwa kwa kawa. Siku ya pili mdogo wangu akalirudisha bakuli mwenyewe, akakaa kizingitini, akaulizwa kwa nini anakaa nje kama mgeni.

Basi nawaambia nilichobadilisha, na wenye wazazi mbali wachukue kinachowafaa.

Kubwa kuliko yote, laini iwe ya mwenyewe. Tulirudi kusajili na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, na safari hii nilikataa kuondoka. Tulijaribu kidole kimoja kimoja, vimeoshwa na kufutwa vizuri. Kilichokubali ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho nadhani ndicho pekee katika mwili wake kisichowahi kufanya kazi. Na wewe ukipata nafasi piga *106# uone laini ngapi ziko kwa kitambulisho chako; usije ukawa umebeba ya mtu kama mdogo wangu alivyobeba.

Namba ya kurushia pesa kwetu haiji tena kwa meseji. Napiga, naitaja kwa mdomo, mama anaibonyeza huku ananisikia, na jina linalotokea anasomewa kabla ya kukubali. Likiwa silo, hatumi, hata kama nadai ni mke wa fundi. Meseji za matapeli mjukuu anazipeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Sikuahidi kwamba zitakoma.

Na msikimbilie kuwabadilishia wazee simu. Dada yetu aliyeko Muscat alileta simu ya kupangusa, nzuri kweli kweli. Iko kabatini, imekunjwa kwenye leso, inatoka Ijumaa ili mama aone sura za wajukuu kisha inarudi. Kitochi chaji yake inafika siku nne. Mama alizoea umeme wa majenereta, kabla ya ile kebo ya kutoka Tanga mwaka 2010, na mpaka leo hakiamini kitu kinachotaka kuchajiwa kila usiku. Mimi namwona ana akili kuliko sisi tunaobishana kwenye grupu la familia mpaka simu zinazima.

Lililonigharimu zaidi lilikuwa kumwachia achague namba ya siri mwenyewe. Nilizoea kumfanyia kila kitu, na nikauita huo mapenzi. Tulikuwa dukani kwa wakala, watu nyuma yetu kwenye foleni. Nikamwambia, "Mama, weka tarakimu nne unazozijua wewe. Usiweke mwaka wa mtu kuzaliwa." Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka saba nimeshika sufuria ya moto.

"Geuka huko," akasema.

Nikageuka. Mwenye duka naye akageuka, akajifanya anapanga sabuni. Mama akajifunika ushungi mpaka kwenye simu, nikasikia vidude vinabonyezwa polepole, mara nne, kisha mara nne tena. Alipofunuka alikuwa anatabasamu peke yake.

Jioni nikamuuliza kama hataisahau.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo siisahau."

Kila mwezi nikimtumia pesa anaitoa mwenyewe. Namba siijui.