Ukoo wa Washington ulianzia wapi?

Uliyeuliza kama Washington ni jina la Kimarekani: hapana, ni la Uingereza. Karne ya 12 William de Hertburn alibadilishana ardhi na askofu wa Durham, akahamia Washington, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akaanza kuitwa William de Wessyngton. Enzi hizo mwenye shamba akihama, jina nalo linabadilika kufuata mahali papya. Baadaye tawi moja likajenga jumba la Sulgrave Manor, Northamptonshire, hukohuko Uingereza. John, babu wa baba yake George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivuka kwenda Virginia miaka ya 1650.

Itazame ngao yao, yaani nembo ya ukoo: mistari miwili myekundu, juu nyota tatu nyekundu. Ndiyo bendera ya Washington D.C. tangu 1938. Ila wanaodai bendera ya Marekani nayo imetoka hapo, ushahidi hawana.