Barua kwa mwanangu: tazama miguu

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikausoma tena leo asubuhi huku nachambua mchele. Unaniuliza, katika zile filamu zetu za Kichina za panga, uanze na ipi kumwonyesha mchumba wako, maana yeye amesema ni nguo na upepo tu, hadithi hamna, na mtu wa kilo sabini hawezi kusimama juu ya tawi la mwanzi. Swali lenyewe dogo, ningekutajia jina moja nikaendelea na mchele wangu. Lakini hiyo "nguo na upepo" imenikaa kooni.

Mwambie kwanza nililowaambia nyinyi tangu mnajua kukaa mkekani: tazama miguu. Najua kaka yako alikuwa akiniigiza mbele ya wageni, mkono kiunoni, "tazameni miguu!" Aigize tu. Watu wote hukodolea upanga, na upanga hauna siri, unakwenda unakotumwa. Mguu ndio unaosema nani anataka kukaa na nani anataka kuondoka.

Ile tunayoiita ya mianzi, Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee ya mwaka 2000, unakumbuka usiku Jen alipoiba upanga? Shu Lien anamfukuza juu ya mapaa mpaka wanashukia uani, ngoma za Tan Dun, mtunzi wa muziki wake, zinakwenda mbio kuliko moyo. Jen kila mara anataka kupaa. Shu Lien kila mara anamrudisha chini, anamvuta, anamkanyaga mguu asiondoke. Hapo bado hatujaambiwa mengi. Hatujajua vizuri kwamba huyu ni binti wa gavana anayeozwa kwa mtu asiyemtaka, na yule ni mwanamke mzima aliyeishi maisha yake yote ndani ya heshima na miiko. Lakini miguu imeshamaliza. Mmoja ni wa hewani, mwingine ni wa ardhini, na huyu wa ardhini anamwonea wivu wa hewani, asikudanganye mtu. Sasa anayesema hadithi hamna, alikuwa anatazama wapi?

Kuhusu kilo sabini, nampa haki yake. Wanaruka kwa nyaya. Fundi wa mapigano alikuwa Yuen Woo-ping, watu wake wakivuta nyaya nje ya picha, kisha kompyuta ikazifuta. Na kuning'inizwa si lelemama: Michelle Yeoh, ndiye Shu Lien, alikatika mshipa wa goti mapema wakati wa kupiga ile filamu, akapasuliwa, akarudi kumaliza kazi. Uzito upo, mwanangu, na ndio utamu wenyewe. Pale msituni Anji, mkoa wa Zhejiang, mwanzi unapinda kweli, unarudi kweli. Li Mu Bai, yule bingwa mwenye upanga ulioibwa, amesimama juu ya tawi ametulia kama yuko barazani kwake, na Jen anayumba, anateleza, anashika majani. Wangekuwa hawana uzito kabisa ningekuwa wa kwanza kuzima.

Na hayo hayakuanza na Ang Lee. Kulikuwa na King Hu, mzaliwa wa Beijing, aliyechukua hatua na mapigo ya opera ya Peking akayatia kwenye filamu. Mwaka 1966 kule Hong Kong alimpa upanga msichana aliyesomea kucheza dansi, Cheng Pei-pei, katika Come Drink with Me, akamfanya awe ndiye steringi, si wa kuokolewa. Baadaye akatengeneza A Touch of Zen, ambayo ilipata tuzo ya ufundi katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1975, na humo ndimo lilimo lile pigano la msitu wa mianzi ambalo wote waliofuata wamelisujudia. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na trampolini zilizofichwa na mkasi: vipande vifupi mno, mtu yuko juu ya mianzi, mtu yuko hewani, mtu yuko chini, na jicho lako linashona lenyewe. Yule msichana Cheng Pei-pei ndiye Jade Fox katika ile yetu ya mianzi, yule bibi mwenye sumu. Watoto mlikuwa mnamchukia. Mimi sikumchukia sana. Alimuua mwalimu aliyemtaka kitandani na kumnyima elimu kwa kuwa ni mwanamke. Simtetei. Nasema tu sikumchukia sana.

Baba yako anapita hapa ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia naandika habari ya kanda ya melini. Ameondoka bila kujibu.

Ile habari unaijua nusu, na nusu unayoijua ni ya kwake. Sikiliza ya kwangu.

Ilikuwa kwa yule jirani yetu wa Ngamiani, Tanga, mwenye deki ya video, wewe uko tumboni na umeshaanza kunipiga mateke. Baba yako alikuwa nyumbani kwa mapumziko, wiki ya pili yake anarudi baharini. Kanda ameileta yeye, ameshaiona melini, basi anakaa pale na uso wa mtu mwenye siri. Sebule imejaa, watoto mkekani, wanaume wamebanana mlangoni. Hakuna aliyesogea. Tukafika pale Jade Fox ameshamchoma Li Mu Bai sindano ya sumu shingoni, Jen anapanda farasi kufuata dawa, Shu Lien amebaki na mgonjwa. Umeme ukakatika.

Tulisubiri mpaka watoto wakalala. Haukurudi. Tukashika njia ya nyumbani, giza totoro, nikamwambia baba yako, wewe umeiona, nimalizie. Akanimalizia. Mwanangu, ile sauti yake ya kusimulia dhoruba! Jen akafika, farasi anatoka povu. Dawa ikapikwa, Li Mu Bai akanywa, jasho likamtoka, akafumbua macho. Wakaoana. Shu Lien akavishwa nyekundu yenye nyuzi za dhahabu. Taa za karatasi zikapangwa kuanzia lango mpaka mlimani, na yule mzee mwenye upanga akatoa mahari. Nami nikaamini, kwa nini nisiamini? Steringi hafi, mtoto yeyote wa Tanga anajua hivyo. Baba yako akaondoka na meli yake, na miezi ile yote ya mwisho ya mimba yako mimi nilikuwa na ile harusi. Nilikuwa nikiosha vyombo naiona.

Kisha uko darasa la nne, au la tano, ukaja na ile sidii ya shoga yako. Unakumbuka, maana ulikuwa ukiwahadithia watu kwamba mama analia kwa sinema. Jen alichelewa. Li Mu Bai amebakiwa na pumzi kidogo tu, na Shu Lien anamsihi aitunze, aitumie kwa ibada yake ili roho yake iende pema. Yeye anaitumia kumwambia kwamba amempenda siku zote. Ndiyo mara ya kwanza anasema. Miaka yote hakusema kwa sababu Shu Lien alikuwa mchumba wa nduguye wa kiapo, na huyo ndugu alikufa, na wote wawili wakaona haya mbele ya maiti. Kabla ya hapo, katika filamu nzima, walichothubutu ni Li Mu Bai kuushika mkono wa Shu Lien akauweka shavuni pake. Panga zote zile, mapaa yale, jangwa lile la Gobi, na mapenzi yenyewe ni mkono shavuni.

Mimi sikulilia kifo. Nililia harusi yangu, ile nyekundu, ile ya njiani gizani.

Baba yako alipopiga simu kutoka bandari ya Jebel Ali, Dubai, nikamuuliza. Akanyamaza, nikasikia winchi zinavyolia nyuma yake. Kisha akasema, "Kanda ya melini iliishia vile." Na hapo ndipo alipo mpaka leo. Amestaafu, ana mvi, ana wajukuu, kanda ya melini iliishia vile.

Kuna siku nasema alifanya vyema. Mja mzito hapelekewi habari ya mwanamume kufia mikononi mwa ampendaye, tena usiku, tena na mume wake mwenyewe yuko njiani kwenda baharini. Kuna siku nasema hapana, alininyima. Filamu ile bila kifo kile ni farasi tu na vumbi. Angeniambia kweli, huenda siku ya kuagana bandarini ningemwambia neno la maana badala ya kumkumbusha ada ya kaka yako na bati la jikoni linalovuja. Sisi si watu wa kuambiana. Umekulia humu ndani, umewahi kusikia? Lakini hebu fikiri: mtu asiyejua kusema amenitungia harusi nzima gizani, na rangi ya nguo, na taa, bila kujikwaa. Hilo si kusema? Ndiyo maana naona filamu hizi zinatufahamu kuliko zile za kuambiana kila dakika mbili. Watu wake wana mdomo mzito kama wa baba yako. Wanapigana, wanaruka, wanakanyagana miguu, na humo ndimo wanamosemea.

Sasa Hero, maana najua utaniuliza. Zhang Yimou, mwaka 2002. Ukitaka uzuri, haujazidiwa. Kisa kimoja kinasimuliwa mara kadhaa, na kila simulizi ina rangi yake, nyekundu, buluu, nyeupe, na kijani kwa kumbukumbu. Pale msituni Maggie Cheung na Zhang Ziyi wanapigana na mavazi mekundu katikati ya majani ya njano, na Zhang Ziyi akifa majani yote yanageuka damu. Majani yale yalikuwa yakichaguliwa kwa daraja, ya daraja la kwanza yapeperuke karibu na nyuso. Tena lile ziwa la Jiuzhaigou: wanaume wawili wanapigana juu ya maji, mwili wa Flying Snow, ndiye Maggie Cheung, umelazwa kibandani, na tone moja la maji linaruka linamwangukia shavuni. Broken Sword, mpenzi wake, anaacha pigano, anageuza mgongo mbele ya adui mwenye upanga, anakwenda kulifuta tone. Tone la maji! Kwa maiti! Nioneshe mchumba wa siku hizi atakayegeuza mgongo hivyo.

Lakini ninapofika mwisho wake damu inanichemka. Muuaji anafika mbele ya mfalme wa Qin, mfalme anayemeza nchi za wenziwe, na anamwacha hai, ati ili dunia yote iwe chini ya mmoja na vita viishe. Na wapenzi wanakufa kwa ajili ya hesabu hiyo. Uzuri wote ule umepigishwa magoti mbele ya kiti cha enzi. Kila nikitazama naapa sitatazama tena. Kisha tone linaanguka shavuni, basi tena. Labda filamu yenyewe haiamini mfalme wake. Mwishoni anapotoa amri ya mishale, uso wake si wa mtu aliyeshinda. Au labda nayataka mimi tu yawe hivyo. Tumebishana na baba yako juu ya hili hadi chai ikapoa. Yeye husema mfalme alikuwa na haki, bahari ikiwa na manahodha saba hakuna meli inayofika. Sijui anazipata wapi.

Ile nyingine ya Zhang Yimou ya mwaka 2004, House of Flying Daggers, ipeni usiku mmoja kwa ajili ya mchezo wa ngoma na maharage peke yake, na lile pigano la mwisho, ambalo theluji iliwaangukia kabla ya wakati kule Ukraine wakaamua kuendelea, ikawa wanaume wawili wanachinjana tangu vuli mpaka kipupwe. Hadithi yake ndiyo kidogo nguo na upepo. Hapo kijana angekuwa sahihi.

Kwa hiyo anza na ya mianzi. Si kwenye simu, tafadhali. Tafuteni televisheni kubwa, maandishi chini, sauti ya Kichina ibaki ilivyo, na ile selo, fidla kubwa ya kizungu, ya Yo-Yo Ma isifunikwe na feni. Hero iacheni mpaka muwe mmezoeana kugombana. A Touch of Zen ya King Hu ni ndefu, saa tatu, hiyo muitunze kwa baada ya ndoa, kama ndoa itakuwepo.

Kuhusu kijana mwenyewe sijasema kitu, na usimwambie nimesema. Sijamwona ila kwenye picha. Ana kazi, anaswali, anamheshimu mama yake, hayo umeniambia na nimeyapokea. Baba yako ameshatoa neno lake, mimi la kwangu nimelitafuna nimelimeza. Ila ikiisha filamu, kabla hujawasha taa, msikilize swali lake la kwanza. Akiuliza kwa nini wale wawili hawakuambiana mapema, niandikie. Akiuliza nyaya zilifungwa wapi, niandikie pia.

Mama yako