Historia kwa kishikwambi: leta ushahidi, slaidi zisubiri

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, wengi tulivipokea kwa furaha. Leo ukipita ofisi za walimu utavikuta vingine kabatini na chaji imekata, vingine vinatazamiwa mpira. Sisemi kwa kejeli. Semina za TEHAMA nilizohudhuria zilitufundisha kutengeneza slaidi, hazikutuambia kifaa kile kinaingiaje kwenye kipindi cha dakika 40 chenye watoto themanini na projekta hakuna.

Nafundisha Historia na Uraia shule ya kata mkoani Iringa, na msimamo wangu kuhusu slaidi haujabadilika: slaidi ni ubao uliounganishwa umeme. Kama ulichoweka pale ni zile zile sababu za ukoloni zilizomo kwenye notisi zako, mtoto atazinakili vile vile na kuzisahau vile vile. Ubao hauwezi kumletea mwanafunzi chanzo chenyewe, yaani hati, ramani, sauti au hukumu ya mahakama. Kifaa kinaweza. Kazi nyingine zote unazoweza kukipa zisubiri.

Nitatoa mfano wa somo ninalolipenda kuliko yote. Mtoto wa Iringa anafika kidato cha kwanza akiwa tayari anamjua Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Anajua Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walivyolimaliza jeshi la Kijerumani la Zelewski na kumuua mwenyewe. Anajua Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, na Wajerumani wakachukua kichwa. Anayajua kama hadithi ya babu. Baadaye, tukifika Vita Kuu ya Kwanza, anafundishwa Mkataba wa Versailles kama jambo la Wazungu: fidia, Alsace na Lorraine, Shirikisho la Mataifa. Hivi viwili havikutani kichwani mwake.

Mkataba wote uko mtandaoni, bure. Fungua Kifungu cha 246. Ni mistari michache tu ya Kiingereza, na inasema kwamba ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hejaz Kurani ya Khalifa Uthman, na ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Mimi huukuza ukurasa huo, natoa kopi kwenye duka la steshenari, karatasi moja kwa kila kikundi, na kishikwambi nakizungusha ili waone kwamba sikujitungia. Siwaambii mapema kuna nini. Nawapa kamusi na kuwaachia.

Darasa huchangamka lenyewe. Jina la mtu wao limo kwenye mkataba uliosainiwa Ufaransa! Hapo maswali yanakuja bila kuyalazimisha. Kwa nini fuvu likabidhiwe Waingereza, lisirudishwe kwa Wahehe? Kwa nini wanamwita Sultani? Mkataba ulianza kutumika Januari 1920, kwa hiyo miezi sita inaishia Julai 1920. Mbona fuvu lilifika Kalenga, hapa Iringa, mwaka 1954? Nani alinufaika kulirudisha mwaka ule, na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, akalikabidhi mwenyewe kwa sherehe? Na kuna swali ambalo mwanafunzi mmoja lazima aliulize: walijuaje kwamba ni lake? Jibu ni kwamba Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu zake Mkwawa. Kwa hiyo wapo wanaotilia shaka hadi leo. Mwachie mtoto shaka hiyo, usiifute. Mwanafunzi aliyeona kwamba hata kitu kilichomo kwenye kasha la kioo pale Kalenga kinaweza kuulizwa maswali hatasoma kitabu cha kiada kwa macho yale yale.

Kifaa kilifanya nini katika somo lote hilo? Kilileta ukurasa mmoja. Kazi iliyobaki ni ya mwalimu na watoto.

Ramani nazo zinafaa kwa njia hiyo hiyo. Fungua picha za setilaiti, waambie wafuate mpaka wetu na Kenya kutoka Ziwa Viktoria kwenda pwani. Mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula, halafu ukifika Kilimanjaro unapinda na kuuzunguka mlima kwa kaskazini. Kila darasa lina mtoto anayejua sababu: Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaiser (mfalme wa Ujerumani), mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, na mitandaoni inazunguka kila mwaka. Basi waache waipime. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani yaliyotaja mstari huo ni ya 1886: unaanzia mlango wa mto Umba, unapita ziwa Jipe, unazunguka chini ya mlima upande wa kaskazini, hadi nyuzi 1 kusini ya ikweta mashariki mwa Ziwa Viktoria. Wilhelm II, yule mjukuu, alianza kuwa Kaiser mwaka 1888. Miaka miwili haikai sawa. Waulize wenyewe nini kingine kilikuwa kinaendelea wakati ule, na utajikuta unafundisha mikataba ya Carl Peters ya 1884 bila kulazimika kuiandika ubaoni. Dokezo dogo: piga picha za skrini usiku uliotangulia. Ramani ya setilaiti inakula bando, na mtandao una tabia ya kukimbia siku ya ukaguzi.

Upande wa uraia, hazina ambayo walimu wengi hawaigusi ni Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, zilizowekwa kwenye tovuti ya Bunge. Ziko kwa Kiswahili. Hili si jambo dogo kwetu tuliozoea kumfundisha mtoto Civics kwa Kiingereza mpaka anakariri kazi za Bunge kama sala asiyoijua maana yake. Tafuta swali aliloulizwa waziri kuhusu wilaya yenu: barabara, kisima, zahanati. Chapisha kurasa mbili. Mmoja asome kama mbunge, mwingine kama naibu waziri, darasa liandike ahadi iliyotolewa. Kisha kazi ya nyumbani ni kwenda kuangalia kama ahadi ipo ardhini. Chagua majibu ya vipindi tofauti na wabunge wa vyama tofauti, usije ukaonekana unafanya kampeni. Sisi ni watumishi wa umma, na watoto nyumbani wana wazazi wa kila chama.

Hukumu za mahakama zinapatikana kwenye tovuti ya TanzLII, nazo ni bure. Ninayoitumia zaidi ni kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17, ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Wanafunzi wangu wa kike husikiliza somo hili kimya kuliko mengine. Hukumu ni ndefu na Kiingereza chake ni cha mawakili, kwa hiyo usiwape yote. Wape aya unazotaka, na Katiba ya 1977 mkononi wafungue Ibara ya 12 na ya 13 wenyewe. Mgawanyo wa madaraka unaeleweka pale mtoto anapoona mahakama inaiambia Serikali "hapana", kisha anauliza: sasa nani anabadilisha sheria, na asipoibadilisha inakuwaje?

Sauti. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin, mwaka 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, inapatikana kwa urahisi na haili bando kama video. Spika ndogo ya bluetooth inatosha darasa zima. Isimamishe katikati, uliza anaongea na nani na nini hakukisema.

Kurekodi wazee ndilo jambo linalodai adabu zaidi, na hapa walimu vijana nawaomba mwende polepole. Simu yoyote inarekodi. Iweke kwenye hali ya ndege ili isikatwe na mtu anayepiga, isogeze karibu na mdomo wa mzee, epuka upepo na kuku, na mwanzoni kabisa mwanafunzi ataje tarehe, kijiji na jina ambalo mzee amekubali litajwe. Sauti tupu inatosha; kamera humfanya mzee avae koti na kuanza kuhutubia. Kama anaongea Kihehe vizuri zaidi, aongee Kihehe, watoto watafsiri baadaye. Salamu kwanza, na ridhaa kabla ya kubonyeza chochote. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili si la adabu peke yake. Rekodi isiende kwenye grupu la WhatsApp, wala status ya mwanafunzi.

Adabu hiyo inahitajika hasa kwa sababu wazee hawasemi kitu kimoja. Nenda Isimani, hapa Iringa, uulize kuhusu Dk. Klerruu, mkuu wa mkoa wetu aliyeuawa na mkulima Said Mwamwindi siku ya Krismasi 1971, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Kuna familia ambazo kwao hiyo si historia, ni msiba. Mimi huwaelekeza wanafunzi waulize maisha ya kawaida ya miaka ile: mlihamaje, mlibeba nini, shamba lilikuwa la nani, shule ilikuwa wapi. Mzee akitaka kufika kwenye jambo zito atafika mwenyewe. Mkirudi darasani mkiwa na rekodi mbili zinazopishana, msitafute nani mwongo. Tafuteni kila mmoja alikuwa amesimama wapi.

Kuhusu akili mnemba (AI), nitasema kidogo. Wanafunzi wanaitumia kupitia simu za kaka zao, tupende tusipende. Inaandika Kiswahili laini, na inaweza kutaja mwaka au nukuu ambayo haipo kwa ujasiri ule ule inaotaja iliyo kweli. Ninachofanya ni kuchapisha jibu lake kuhusu mada tuliyokwisha isoma kwenye hati, na kuwapa kalamu nyekundu wasahihishe. Wanafurahia sana kuliko kusahihishwa.

Vifaa vyenyewe si shida kubwa kama tunavyodai. Kishikwambi kimoja, flashi, spika, powerbank, na hela ya kopi. Programu ya Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili nzima na kuisoma bila mtandao, iwe umeme upo au TANESCO wameamua vingine. Hela ya kopi ndiyo ngumu. Mwonyeshe mkuu wa shule andalio lako la somo na ukurasa wenyewe kabla hujamwomba, na weka somo hilo kwenye azimio la kazi mapema, mwalimu wa taaluma asije akaona unapoteza vipindi vya kujiandaa na mtihani wa taifa wa NECTA. Usifanye kila wiki. Somo moja la namna hii kwa kila mada kubwa linatosha. Vipindi vingine chaki inafanya kazi yake vizuri. Na kopi zikusanye mwisho wa kipindi, uziweke kwenye bahasha yenye jina la mada, mwakani zipo.