Usijipime kwa wastani wa taifa

Ndugu yangu wa Arua, nimekuelewa: umesoma kwamba wastani wa pato la Mganda unazidi dola 1,000 kwa mwaka, wewe fundi cherehani hufiki hapo, na sasa unataka kuuza cherehani ukafanye kazi Uarabuni. Subiri kwanza.

Wastani huo ni pato la nchi nzima kugawanywa kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Si mshahara wa mtu. Chukua mafundi kumi: tisa wanapata shilingi 200,000 kwa mwezi, mmoja 5,000,000. Wastani wao ni 680,000, na tisa hawajawahi kuziona! Tena usione aibu kwa kazi isiyo na ajira rasmi. Shirika la Kazi Duniani lilihesabu mwaka 2018 kuwa takriban watu bilioni 2 wako hivyo, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote.

Andika mapato na gharama zako kwa miezi mitatu, kisha ulinganishe na mafundi wenzako sokoni. Ukiamua kusafiri, hakikisha wakala ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na mkataba usomwe na wakili kabla hujalipa chochote. Cherehani usiiuze kwanza.