Dada wa dagaa wa Igoma, status peke yake haitoshi

Dada umeuliza mbona unapost dagaa wako wa kukaanga kila siku status ya WhatsApp, watu wanaview tu hawanunui. Mi naona shida sio dagaa, status wanaiona waliosevu namba yako tu, yaani ndugu, majirani na wa kanisani, na hao washanunua. Kwanza hamia WhatsApp Business, ni bure, ina katalogi, weka picha ya kila pakiti na bei yake palepale, hii ya "bei njoo inbox" inafukuza wateja jamani. Halafu ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuchukua mzigo piga video fupi unavyochagua, waonyeshe hawana mchanga, maana mtu wa Dar au Dodoma anaogopa mchanga na kutapeliwa, rusha TikTok na Instagram, akilipa tu tuma mzigo wake kwa basi na umtumie picha ya risiti.

Kingine usipambane mwenyewe. Tafuta wamama wenzio wa biashara isiyogongana na yako, wa mchele, wa unga wa lishe, muwe mnapostiana bidhaa, mteja wa mwenzio anakuamini haraka kuliko tangazo la kulipia. Mkishazoeana nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkasajili kikundi ili muombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kukopesha vikundi, kati ya hizo 4 ni ya wanawake na mkopo hauna riba. Ila nakuomba sana usijiunge na watu mliojuana juzi kwenye grupu, deni ni la kikundi, mmoja akitoroka mnalipa nyie mliobaki.