Uliza Anko wa Muziki: wazee wa fidla, magitaa ya umeme na benga letu

SWALI: Mwangaluka anko. Binamu yangu yuko Boston, Marekani, juzi kanitumia video kaenda shoo ya bendi ya wazungu watu wazima kabisa, vipara na ndevu nyeupe, mmoja anapiga fidla mwingine filimbi, wengine magitaa ya umeme, na ukumbi wenyewe mdogo kama kumbi zetu za harusi. Anasema hao walikuwa mastaa enzi hizo. Hivi wamefulia au?
*Msomaji, Igoma*

ANKO: Mwangaluka mdau. Wapo waliofulia, siwezi kukataa, ila wengi wako kazini tu. Zamani bendi ilikuwa inazunguka ili iuze santuri, siku hizi imegeuka, wimbo unawekwa mtandaoni ili watu waje kwenye shoo, maana kule kusikilizwa kwa simu kunalipa visenti, hela iko mlangoni na kwenye ile meza ya fulana. Halafu shabiki wao naye kazeeka, ana goti linauma, anataka kiti na bia na awahi kulala. Sasa mia tano wa hivyo wanaojua kila mstari, ukumbi mdogo unajaa na bendi inaondoka na chake, kuliko kukodi uwanja ukabaki robo tatu mtupu.

Na kupiga nyumbani sio kushuka bana. Dropkick Murphys, bendi ya hiyo roki ya Kiselti, walianzia Quincy, hapo hapo jirani na Boston, mwaka 1996, na wana kawaida ya kurudi Boston kila inapokaribia Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patriki ya Waairishi, na watu wanagombea tiketi. Kwani bendi zetu za dansi, Msondo iliyoanza 1964 ikiwa NUTA Jazz, au Sikinde ya 1978, wakipiga baa ya Dar nani anauliza kama wamefulia?

SWALI: Anko, hiyo wanayoita roki ya Kiselti ndo nini? Na altanetivu je? Mi naskia kelele tu.
*Mwanafunzi, Musoma*

ANKO: Altanetivu nakumalizia haraka, ni bendi za roki, hasa za miaka ya 80, zilizokuwa nje ya mkondo wa redio kubwa, lebo ndogo, redio za vyuo, basi.

Ya Kiselti ndo tamu. Waselti ni watu wa Ayalandi, Skotilandi, Welisi na ule upande wa Ufaransa wa Brittany, na wana nyimbo zao za kuchezea za tangu na tangu, za fidla, filimbi ya bati, kodiani na zile zumari za mfuko wa kubana kwapani. Roki ya Kiselti ni hizo hizo ila zimechomekwa umeme. Horslips wa Ayalandi mwaka 1973 walichukua wimbo wa gwaride wa zamani wa kwao wakaufanya mlio mkuu wa gitaa. The Pogues walianzia London 1982, wao wakaongeza fujo ya panki, inakwenda mbio mpaka unatafuta pumzi. Mike Scott wa The Waterboys ni Mskoti, kwenye 1986 akamfuata mpiga fidla wake Steve Wickham Ayalandi, akanogewa, wakaishia kurekodi sehemu ya albamu yao ya 1988 kule Spiddal, kijiji cha pwani ya Galway. Halafu kuna Big Country wa Dunfermline, Skotilandi, hao wananimaliza, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1983 magitaa yanalia zumari tupu na hamna zumari hata moja mle ndani!

Sasa tulia hapo kwenye Big Country, maana we uko Musoma na hili jambo ni la kwenu. Wajaluo wa huku ziwani wana nyatiti ya nyuzi nane na orutu ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde, yani ni fidla ile ile tu. Vijana walipopata magitaa hawakuacha mapigo ya nyatiti, waliyahamishia kwenye gitaa la solo, likawa linadonoadonoa huku beisi inakimbia, ndo benga hiyo. Na D.O. Misiani, mmoja wa wakubwa wa benga, ni mzaliwa wa Shirati, mkoa wako huo huo wa Mara, na Shirati Jazz yake ilikuwa inafanya hayo tangu miaka ya 60, kabla Big Country hawajazaliwa. Kwahiyo usiniambie kelele. Kama benga inakuingia, anza na Waterboys, fuatisha fidla usihangaike na maneno, halafu ndo uende kwa Pogues.

SWALI: Yule muimbaji wa Pogues mwenye meno mabovu bado yupo?
*Dada wa Nyegezi*

ANKO: Shane MacGowan alifariki Novemba 30, 2023, dada, akiwa na miaka 65. Waliobaki wamerudi jukwaani na waimbaji waalikwa. Utauliza kama hiyo ni Pogues kweli, mi naangalia aliyetengeneza mlio kama yupo. Big Country walimpoteza muimbaji wao Stuart Adamson 2001 lakini gitaa la mwenzake Bruce Watson lipo, hapo natoa hela. Muhidin Gurumo, muimbaji wa Msondo, naye alitutoka 2014 na Msondo haikufa. Likibaki jina tu kwenye bango, mi nakaa nyumbani.

SWALI: Anko nina baa Kirumba, nataka usiku mmoja niweke mzee wa orutu na vijana wa magitaa. Nianzie wapi?
*Mwenye baa*

ANKO: Aisee nialike! Anzia kwa afisa utamaduni upate kibali, na kama mzee anatoka upande wa Kenya ulizia mapema kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, cha msanii wa nje. Muda wa kelele uheshimu, NEMC, wale wa baraza la mazingira, hawana utani.

Kwenye mitambo ndo wengi wanaharibu. Orutu sauti yake ndogo, drams zikianza tu mzee anabaki anasugua hewa. Mtafutie maiki ndogo ya kubana kwenye ala yenyewe, akae mbali na drams, na spika ya kujisikia iwe miguuni kwake, na fundi aanze kumpima yeye, magitaa yapandishwe baadae taratibu mpaka pale orutu inaposikika bado, hapo hapo waambie basi, hata wakinuna. Jenereta liwe na mafuta kabla jua halijazama. Kiingilio weka kidogo maana utauza vinywaji, na fungu la bendi wape mkononi kabla hawajaanza kupakia vyombo, mzee wa orutu wa kwanza.